Mlango wa Pua

Pete ilikatwa kwa koleo la fundi bomba,
Jumanne, jikoni, Senén akikiomba radhi kidole.
Nilidhani ni umri. Nilidhani ni maji ya mlimani.
Viatu vikapanda namba tatu kwa miaka minne,
nikavaa vya marehemu kaka yangu, nikasema vina joto.
Kikulacho ki nguoni mwako;
changu kilikaa nyuma ya macho,
juu ya tandiko la mfupa, kinene kama zabibu,
kikitoa amri: kua, kua,
kwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili.

Daktari Zubeldia alichora kwenye bahasha ya dawa.
"Hatupasui fuvu," akasema. "Tunapita puani."
Nikacheka. Kisha sikucheka.
Kwetu Asturias pua ndiyo shamba langu:
naingia pangoni gizani, nanusa jibini mia mbili,
najua ipi imeiva, ipi inadanganya,
ipi ni ya maziwa ya siku ng'ombe walipoogopa radi.
"Chukua jicho," nilimwambia, "niachie pua."
Akajibu kwamba jicho nalo lilishaanza kufungasha:
pembeni mwa dunia mapazia yalikuwa yanashushwa.

Oviedo, saa mbili asubuhi.
Wananisimulia, maana mimi sikuwepo,
kwamba walipita na kamera nyembamba kama kalamu
kama mtu avukaye uani kwa jirani bila kuamsha mbwa,
wakatoboa dirisha mfupani,
wakakikwangua kwa kijiko kidogo kuliko cha chumvi,
kushoto mshipa, kulia mshipa,
wakaziba tundu kwa mafuta ya tumboni mwangu.
Mara ya kwanza kitambi changu kufaa kitu.

Usipenge. Usiiname. Ukipiga chafya, achama.
Senén alinifunga kamba za viatu wiki sita.
Mapazia yalipanda, nikamwona paka akija kutoka kando,
lakini supu ilikuwa moto tu, basi.
Nilishuka pangoni nikasimama kati ya rafu
kama mtu aliyekosea matanga.

Mifupa haisikii amri ya kurudi.
Viatu vya kaka bado ni vyangu,
na pete iko dirishani, mdomo wazi.

Siku ya arobaini na moja mvua ilinyesha.
Senén akaingia na koti la sufu limelowa,
nikamwambia, "Unanuka mkojo wa ndama."
Aliketi kwenye ngazi, akalia kwa sauti.
Mimi sikuwa na nafasi ya kumbembeleza.
Nilikuwa bado nanusa.