Ubao wa Chumba cha Tisa

Jumamosi, Tartu, baridi ya kung'ata masikio.
Heldur anakwangua rangi ya dirisha:
kijani, chini yake kijivu, chini yake
mbao tupu, kavu,
bado zinanukia msonobari.

Hatulipwi. Chai tunakuja nayo.
Misumari iliyopinda tunainyoosha juu ya tofali,
inarudi kazini.

Maabara hii ya kemia walitaka kuibomoa
wapate maegesho. Tukawaambia: subirini.
Itakuwa chekechea ya watoto wa wanafunzi.

Ubaoni imebaki hesabu ya mtu, nusu:
alama ya sawa, kisha chaki ikakatika.
Nimeshika kitambaa chenye maji.
Leelo ananidaka mkono. "Hiyo iache.

Mwenyewe huenda katoka mara moja tu."