Tarehe ya Kurudisha

Jumatatu walinikabidhi funguo kumi na nne
na kiti kinachozunguka.

Miaka kumi na tisa nilisimama kaunta, hapa Liepāja,
nikimjua kila mtu kwa anachoazima:
Bwana Gunārs, vitabu vya nyuki, ingawa hana mzinga;
binti wa duka la viatu, aliyeficha kitabu cha majina ya watoto
chini ya kabichi, kikapuni.

Sasa najua mengine.
Bei ya kupasha jengo joto mwezi Januari.
Dari ya mashariki, inavuja wapi.
Na neno "upunguzaji", linavyokaa kwenye jedwali
bila jasho, bila uso.

Mstari wa tisa ni Dzintra.
Hawakuandika Dzintra. Waliandika: nafasi moja, iwe nusu.
Dzintra aliyenifundisha kushona mgongo wa kitabu:
gundi kidogo, msichana, subira nyingi.

Jumatano alibisha hodi.
Alibisha!
Mlango tuliozoea kuusukuma kwa kiwiko,
mikono imejaa vitabu.
Akaniita Mkurugenzi.
Nikageuka kutazama nani yuko nyuma yangu.

Halmashauri wakauliza: utakata wapi?
Nikasema: mazulia mapya.
Nikasema: safari yangu ya Riga, na karamu ya Desemba.
Sauti ilitoka ndogo. Nikairudia.

Usiku, tulipofunga, nilishuka kupanga vitabu,
maana mikono nayo ina kiu yake.
Kijana Raivis akanikuta,
akakitoa nilichokiweka, akakihamishia rafu ya pili.
"Tulibadilisha mwezi jana," akasema,
kwa upole unaouma kuliko karipio.

Wanasema koti la kuazima halisitiri.
Sawa. Lakini kazi yangu ni kuazimisha,
na cha kuazima nakijua adabu yake:
kishike kwa mikono mikavu,
usikunje kona,
usiandike jina lako ndani.
Cheo hiki kina tarehe ya kurudisha.
Sijaiona muhuri wake, ila ipo.

Dzintra amebaki na robo tatu.
Sikumwambia ni ushindi, kwa sababu sio;
kodi yake hailipwi kwa robo tatu.
Siku nne hakupanda ngazi.

Leo mlango umefunguka kwa kiwiko.
Atlasi mikononi, mgongo umevunjika.
"Shika hapa," akasema.

Nikaacha simu iite.
Nikashika.