Kilo Mbili za Mbaazi

Video yangu ya kwanza ilikuwa na kidole.
Kidole changu, pembeni, chekundu kama kaa la moto,
na nyuma yake Corolla ya Famau ikipita Kizingo
kama iliyopandwa na mashetani.
Nyevu, anayekata na kuunga video za harusi kule Majengo,
aliitazama mpaka mwisho. Hakucheka.
"Gari hii," akasema, "ina homa,
au mwenye homa ni wewe?"

Nikamwambia nangoja pesa ya kamera.
Akaniuliza, na hicho kijicho cha simu umekifuta lini?
Nikakifuta kwa ncha ya kikoi.
Kumbe ule ukungu niliodhani ni wa bahari
ulikuwa mafuta ya viazi karai.

Basi nikajifunza kwa bei ya nilicho nacho.
Nikajifunza kusimama. Hilo peke yake lilinila mwezi.
Mkono hutaka kulikimbilia gari
kama mtoto aliyesikia zumari mtaa wa pili.
Uzuie. Gari ndilo lenye magurudumu.
Wewe hesabu kumi, kimyakimya,
liingie, lipite, litoke,
halafu uiache barabara tupu ipumue kidogo.

Nikajifunza kulala.
Lami ya Shimanzi saa tisa si godoro,
lakini ukilala kifudifudi,
simu umeiegemeza kwenye mfuko wa mbaazi za mama,
kilo mbili, umeukaza kwa mpira wa baiskeli,
Corolla ya mwaka wa tisini na mbili
hukujia kama meli inayotafuta gati.
Askari wa bohari alinijia na rungu.
"Wewe, umegongwa?"
"La, afande. Napiga video."
Akasimama pale, akatazama, akasema
ngoja jua lishuke kidogo, mlango utang'aa.
Ukang'aa.

Upepo ulikuwa unanila sauti.
Nikaivalisha simu ya dada yangu soksi,
nikaifungia kwenye kijisanduku cha dashibodi,
Famau akanguruma Makupa mpaka Changamwe,
tukarudi na mngurumo mzito, uliokolea,
na simu saba za shemeji zisizopokelewa.

Ile mitambo ya kuteleza nayo ni bei ya mbuzi wawili.
Kalama ana mkokoteni.
Asubuhi husambaza maji Tudor, mchana hana mteja.
Tukapunguza upepo kwenye matairi,
nikaketi mbele, magoti chini ya kidevu,
naye akasukuma kama aliyebeba mayai ya watu.
Usiku, chini ya shuka, niliuona ukuta wa kiwanda
ukiteleza nyuma ya gari, pole, pole.
Nikaitazama mara nne, kisha nikamwamsha mama.
"Nzuri," akasema. "Mbaazi zangu ziko wapi?"

Ijumaa tulipanga kumaliza.
Jua limeshageuka rangi ya samli,
lina dakika kumi na mbili, si zaidi.
Famau akazungusha ufunguo.
Kh. Kh.
Akafungua boneti, akaifunga,
akakitukana kiwanda, akamwomba Mungu msamaha.
Jua halikungoja msamaha.
Kalama akauacha mkokoteni, akazunguka nyuma,
akainama chini ya buti, hata kofia isionekane.
"Wewe hesabu kumi," sauti yake ikatoka huko.

Nikahesabu.
Likaingia, likapita, likatoka,
limejaa jua mpaka kwenye rimu.
Nyevu akalipa mngurumo wa Changamwe,
akazinyamazisha simu za shemeji,
moja akaisahau.

Sasa kila aitazamaye ananiuliza
ni mashine gani ile, mbona inavuta kwa ulaini vile,
na kwa safari inakula kiasi gani.
Nawaambia ukweli, hawaniamini:
mahamri manne,
na mbaazi za nazi,
kilo mbili, mama alizipika zote.