Muhuri Uliopinda

Kila Jumamosi, saa kumi alfajiri,
theluji ikiwa bado haijapata rangi,
Mzekala hunigongea ukuta kwa kijiko.
Hugonga mara moja tu.
Zinazofuata ni za mkono wenyewe.

Mkono wake wa kuume una ugonjwa usiolala.
Daktari wa Kutaisi aliutaja kwa jina refu,
akaandika vidonge, akatazama saa.
"Je, unga nitakanda?" Mzekala akamuuliza.
Daktari akacheka kidogo, kwa huruma.
Jibu akalichukua vivyo hivyo, likiwa kicheko,
akapanda nalo basi hadi kwetu milimani.

Miaka thelathini na mmoja ameoka mkate wa madhabahu:
unga, maji, chumvi, hamira, na kunyamaza.
Juu yake hugandamiza muhuri wa mti wa jozi
aliorithishwa na mama mkwe wake,
wenye msalaba na herufi chache zisemazo
Kristo ameshinda.

Siku hizi ushindi hutoka umepinda.
Msalaba huegemea kama mlevi mlangoni,
herufi moja humezwa,
nyingine hujiandika mara mbili.

Nilimwambia, "Mama, niachie mimi.
Nina mikono mizima."
Nilisema kwa upole, ila upole wenye kisu ndani.
Maana tangu mgodi ulipomfunika Malkhazi,
mwanawe, mume wangu,
mikono hii mizima haikufanya ishara ya msalaba
hata siku moja.
Ilifua. Ilipasua kuni.
Ililipa deni la jeneza kwa jibini, kipande kwa kipande.
Nguvu nilikuwa nazo, tena nyingi,
nazo zilinikausha
kama tambara lililosahauliwa juu ya jiko.

Hakubishana. Akasogea kando ya beseni,
akauchukua mkono wangu, akauweka juu ya muhuri,
kisha wake juu ya wangu.
"Bonyeza."

Ndipo mtetemo ukaniingia.
Ukapanda kiwiko, ukavuka bega,
ukafika pale nilipokuwa nimepigilia misumari,
ukaanza kuilegeza.
Sikujua kama anayetetemeka ni yeye au ni mimi.
Chozi likaanguka kwenye kinyunga.
"Chumvi imetosha," akasema,
kisha, kwa sauti ya mtu anayehesabu mayai, akaomba:

*Nguvu nilizililia, hukunipa mkononi,*
*Umekuja kukalia, hapa kwenye ufa ndani,*
*Basi kaa, nakwambia, usitoke asilani,*
*Nikivunjika sawia, nigawe kwa majirani.*

Nilingoja muujiza. Nakiri.
Niliutazama mkono ule kama mtu atazamaye sufuria.
Haukutulia.
Mkate ukaiva na muhuri wake kombo,
nasi tukaufunga kwenye kitambaa cheupe.

Jumapili Padre Besarioni akauinua
karibu na miwani yake iliyofungwa uzi.
Akauona ulivyopinda; najua aliuona.
Akachukua kisu, akakata
pale pale penye muhuri, kama ilivyo desturi,
maana hakuna mkate uliowahi kumfikia mtu
ukiwa mzima.

Binti mdogo wa Lamara alipewa kipande cha pembeni
chenye nusu ya herufi.
Akakilamba kwanza. Kisha akakila.

Tuliporudi, njia ilikuwa barafu tupu.
Mzekala akateleza; nami mwenye nguvu nikamdaka,
tukaenda chini wote wawili, mpaka kwenye ua wa Gocha,
mbwa wake akibweka kama aliyefumania wezi.
Nilicheka. Miezi kumi na minne sikuwa nimecheka.

Hatukuharakisha kuinuka.
Aliketi kwenye theluji akinipangusa kola
kwa mkono ule ule wa kuume,
na kwa kuwa hauwezi kukaa kimya
haukubakiza hata chembe.