Muhuri na Kidole

Miaka ishirini na sita mkono huu umejua kazi moja:
kuinua muhuri, kuushusha,
na kurudi nyumbani Rau na wino chini ya kucha.
Leo Gilead, kijana wa mafunzo kwa vitendo,
ananiambia: “Gusa, mama. Usigonge.”

Nikagonga.
Kioo kikafungua picha ya mtu nisiyemjua
akitafuna ndafu kwenye harusi huko Machame.
“Umempenda,” akasema Gilead.
Sijampenda! Hata jina lake silijui.
“Umemwekea moyo, mama. Ameshaona.”

Simu ya ofisi aliileta Mkuu Jumatatu,
pamoja na barua yenye kumbukumbu namba:
maktaba iwe hewani kabla ya mwisho wa robo ya pili.
Hewani.
Nikatazama dirishani. Mlima ulishajifunika tangu saa tatu;
nao uko hewani, na hakuna aliyeuandikia barua.

Ukutani nyuma yangu pana kibao nilichokipaka rangi mwenyewe:
KIMYA TAFADHALI.
Mkononi pana kisanduku cheupe kinachoniuliza,
kila nikikifungua, bila hata salamu:
Unawaza nini?
Nani aliniuliza hivyo mara ya mwisho?
Marehemu mume wangu aliuliza kama chai iko tayari.

Nikawaza. Nikaandika. Nikafuta.
Kazi hii ilinifunza kutosema:
nani aliazima kitabu cha kisukari,
mwalimu gani alisoma habari za talaka akiwa wima kati ya rafu,
mgongo kwa mlango.
Nimewatunza. Watu wa Moshi wamo ndani yangu
kama kadi kwenye droo, kwa alfabeti,
na droo ina kufuli.

Basi nikaandika tu:
“Vitabu vilivyopotea vinakaribishwa nyumbani. Faini tutazungumza.”
Gilead akaongeza picha ya rafu, nafasi moja wazi
kama jino lililong’oka.
Siku ya kwanza mioyo miwili: mmoja wa Gilead,
wa pili wangu, kwa bahati mbaya.
Siku ya nne bando likaisha.
Siku ya tano, umeme.

Siku ya tisa, ujumbe.
“Shikamoo. Ninacho kitabu chenu cha ufugaji wa nyuki
tangu tisini na nane. Niliogopa faini, kisha nikaona aibu,
kisha nikahamia Same.”

Kumbe aibu ina miguu.
Nikajibu upesi, Gilead hajarudi kunywa chai:
“Marahaba. Leta tu kitambi chetu.”

Simu! Simu ndiyo iliyobadilisha!
Nikatafuta raba. Hakuna raba.
Zikatokea zile nukta tatu zinazochezacheza:
mtu anafikiri, mbali, kwenye joto la Same,
nami niko uchi mbele yake kwa herufi mbili.

“Hicho pia ninacho, mama. Nitakuja navyo vyote.”

Nikacheka. Kwa sauti. Chini ya kibao.
Mwanafunzi wa kidato cha nne akainua macho,
akaweka kidole mdomoni: shhh.

Alikuja Alhamisi. Hakujitaja, wala sikumuuliza;
jina lake lilikuwa kwenye droo tangu zamani,
kwa mwandiko wangu wa ujana, wenye mikia mirefu.
Kitabu amekifunga kwa gazeti. Kinanuka moshi wa mizinga.
Ukurasa wa arobaini umeganda nta.
“Faini,” akasema, akaweka mezani
chupa ya konyagi iliyojaa asali.

Gilead akainua simu ampige picha.
Nikasema hapana. Piga kitabu. Piga nta.
Mtu mwache aende zake na kitambi chake.

Nikashusha muhuri: KIMERUDI.
Kisha nikaishika simu, na safari hii nikagusa.
Unawaza nini? ikauliza.
Asali, nikaandika. Nikaituma hivyo hivyo.

Mioyo kumi na moja kufikia jioni.
Mkuu anataka kujua ile chupa
inaingia kwenye leja ipi.