Ilinoki Mara Moja

Ndege imekaa ghalani majira matatu ya theluji,
mabawa yameegemea ukuta kama milango isiyo na nyumba.
Kitambaa nimekivuta, nimekipaka dawa mara saba,
tairi nimezing'oa kwenye toroli la bustani.
Puani pana matundu manne ya bolti
na upepo wa Manitoba unapita humo ukipiga mbinja.

Nyumbani wamechoka kuniuliza.
Mchagua jembe si mkulima, najua.
Lakini jembe likivunjika mkulima hubaki amesimama,
tena juu ya ardhi.

Nimepima kila kitu kwa mizani ya ndama.
Injini ya mipigo minne ni tulivu, haina papara,
na ina kilo sitini na mbili:
nikiifunga puani ndege itainama
kama mtu aliyedondosha senti.
Ya mipigo miwili ni kilo ishirini na tisa,
farasi arobaini na ushei,
sauti ya nyigu aliyefungiwa kwenye debe.
Oili yake huinywa pamoja na petroli, hamsini kwa moja,
na ukisahau kuchanganya
haikukumbushi.

Nestor wa karakana alinipa moja bure,
ya pikipiki ya theluji ya marehemu kaka yake.
"Hii imezoea baridi," akasema.
Imezoea kupumzika pia:
kupanda kilima, kushuka, kusimama mtu avute sigara.
Angani ni kilima mpaka siku ya kushuka.
Sikumwambia hayo. Nilisema rangi yake hainipendezi.
Akaniona mjinga, nami nikaridhika.

Mwezi Machi niliendesha saa tano kaskazini,
hadi nyumba ya mwisho kabla ya ziwa.
Bi Thorunn Sigvaldason, miaka sabini na minne,
koti la rubani, ndala za mpira juu ya soksi.
Hakuiwasha injini kwanza.
Alikwenda dirishani, akamwaga kalamu mezani,
akanipa kopo lililokuwa likizihifadhi.
Ilikuwa pistoni.
Ubavuni ina michirizo minne ya wima,
kama paka aliyekataa kutolewa nje.

"Ilinoki mara moja," akasema. "Februari. Futi mia nane.
Nilishuka taratibu mno, silinda zikapoa,
kisha nikafungua mafuta kwa pupa.
Pistoni ikavimba, silinda bado imesinyaa.
Kosa langu, si lake."
Nikauliza, kisha?
"Kisha kimya. Nilisikia nyaya za mabawa.
Nilisikia mbwa wa watu, chini kule, akibweka.
Barafu ilikuwa nene. Nilitembea saa mbili."
Na bei hakupunguza.

Mjini yuko muuzaji mwenye mpya kabisa,
imo sandukuni, imefungwa kwa nailoni,
haijamkosea mtu hata siku moja.
Ndiyo maana hakuna ajuaye itakosea vipi.
Nililifikiria hilo nikiwa nimeshika pistoni,
nayo ikapata joto la kiganja changu
upesi, upesi kuliko nilivyotarajia.

Tulihesabia noti juu ya friza ya samaki.
Kopo la kalamu akanipa. "Nitapata jingine," akasema,
ila aliliangalia mpaka nilipofunga mlango wa gari.

Sasa ramani yangu nimeichora upya.
Miji nimeiacha, barabara nimeziacha.
Nimetia alama shamba la kanola la akina Hrynchuk,
malisho ya mashariki, ambako fahali hufungiwa Jumanne,
kipande cha ngano chenye jiwe moja, nami nalijua liliko:
kila mahali pa kufika bila kelele.

Jana Nestor alipita ghalani.
Aliizunguka, akaigonga kwa kucha,
akachuchumaa kuikagua kabureta, akanuka vidole.
Nyekundu iliyopauka, yenye kutu penye riveti.
"Na rangi ya hii je?" akaniuliza.
Nikamwambia, nayo hainipendezi.
Akaenda kunishikia spana.