Dakika Tatu

Zamani nilivaa buti za mpira;
niliujua mto kwa magoti yangu.
Siku hizi navaa viatu vya kamba,
nakwea ngazi za ofisi, Mbeya mjini,
Loleza ungali umejifunika ukungu,
na mkononi karatasi moja. Moja tu:
"Mheshimiwa hasomi ya pili," aliniasa katibu muhtasi.

Basi nimejifunza kuukunja mto.
Mita za ujazo nazigeuza magunia ya mpunga,
magunia nayageuza ada za shule,
na neno "huenda", ambalo wa maabara hulipenda,
nalisugua mpaka ling'ae, ila silifuti.
Hapo ndipo kazi ilipo. Hapo ndipo usingizi hukatika.

Nikapewa dakika tatu.
Ya kwanza ilikwenda na itifaki.
Ya pili, simu yake iliita.
Ya tatu nikaiweka karatasi kando,
nikatoa daftari la Ndelwa, msoma kipimo wa Usangu,
lina madoa ya matope na chai:
tarehe tatu Oktoba, sifuri. Tarehe nne, sifuri.
Kurasa sita za sifuri, kwa penseli,
kila moja imeviringishwa kwa makini kama yai.

Akafunua. Akafunua tena.
"Huyu analipwa na nani?"
Tangu Machi, nikasema, hapana mtu.

Jioni nikampigia Ndelwa.
"Wamesemaje?"
"Wameomba nakala."
Akanyamaza; nikasikia ng'ombe, na upepo mkavu.
"Basi niletee penseli," akasema,
"hii imebaki kama ukucha."